Kioo Chenye Isale

Kitu cha kwanza kilichomshangaza Salvina kilikuwa vumbi. Januari ile jua lilikuwa limeushika mji wa Moshi kwa hasira, na vumbi likaingia kila mahali: kwenye mashuka, kwenye vikombe, kwenye nyusi za wateja waliokuja kupiga picha za pasipoti. Ndani ya studio yake alikuwa anafuta meza asubuhi, na kabla jua halijapanda sawasawa mtu angeweza kuandika jina lake juu yake kwa kidole. Lakini monita mpya haikushika vumbi. Ilikaa katikati ya meza ile chafu ikimeremeta, na hata alipopitisha kidole kwa nyuma, kwenye matundu ya kutolea joto ambako vumbi hupenda kulala, kidole kilitoka kisafi. Salvina alicheka peke yake. Akasema moyoni labda ndivyo vitu vizuri vilivyo, akaendelea na kazi.

Tueleze alivyoipata, na tusimfichie aibu: aliipata kwa wivu.

Salvina, binti wa Kibosho, na Kindness, binti wa Machame, walijifunza kupiga picha kwa fundi mmoja, kisha kila mmoja akafungua studio yake kwenye barabara ileile, milango ikitazamana. Mbele za watu walikuwa marafiki. Waliazimana taa, waliazimana mazulia ya kusimamishia maharusi, na mmoja akienda kula mwenzake alimwangalizia mlango. Lakini Salvina alikuwa na donge. Maharusi wa Kindness walitoka kwenye picha na ngozi walizozaliwa nazo, mweusi akiwa mweusi wa kung'aa na maji ya kunde akiwa maji ya kunde. Wa Salvina walitoka wekundu, utadhani wamemwagiwa juisi ya rozela. Kisa kilikuwa kioo cha kompyuta yake ya zamani. Kilikuwa kinavuta kwenye bluu, kwa hiyo yeye aliongeza wekundu mpaka uso ukae sawa, na picha zikishachapishwa bluu haipo, wekundu wote umebaki. Alilijua hilo siku nyingi, ila ilikuwa rahisi zaidi kumlaumu mchapishaji.

Donge likawa jipu siku kampuni aliyofanyia kazi mume wake ilipotaka picha za waongoza watalii wake. Jesse alikuwa anapandisha wageni mlimani, na kampuni ikamwita Kindness aje awapige picha msituni, karibu na geti. Picha ya Jesse ilipotoka, Salvina aliiona kwenye simu akakaa kitako. Yeye mwenyewe alikuwa amempiga mume wake picha zisizo na idadi tangu uchumba, na hakuna hata moja iliyomtoa vile. Umande ulikuwa umemkaa shavuni, macho yamelegea, kicheko kimeishia nusu ya mdomo.

"Ulikuwa unamchekea nani?" akamuuliza.

"Kamera."

"Kamera imeshikwa na nani?"

Jesse akacheka, jambo ambalo hakupaswa kulifanya. "Mke wangu, ni kioo tu hicho. Mwenzako anafanyia kazi kwenye kioo kinachosema ukweli. Nunua na wewe chako."

Mwanamume wa watu alidhani amemaliza mambo.

Ezra aliuza kompyuta za mtumba nyuma ya stendi. Alikuwa mtu wa Singida, mpole, hajakaa Moshi muda mrefu, na alipenda kueleza. Siku Salvina alipoingia dukani alimvutia kiti, akawasha monita mbili kwa pamoja, zote zikionyesha picha moja ya mtoto anayekula embe.

"Dada Salvina, usinunue ukubwa. Ukinunua ukubwa umenunua televisheni," akasema. "Hii kubwa ni ya wacheza gemu. Ona hilo embe, linapiga kelele. Sasa njoo huku pembeni. Rangi imebadilika, si imebadilika? Hiyo itakudanganya kila ukijisogeza kwenye kiti. Itazame hii ya pili. Kaa kushoto, kaa kulia, embe ni lilelile. Na haing'ai. Taa ikiwaka nyuma yako haikusumbui, na sura yako huioni humo ndani. Unaona kazi tu."

"Rangi zake zimepoa."

"Hazijapoa, dada. Wewe ulizozoea ndizo zina homa."

Salvina alikuwa karibu kukubali. Ndipo alipoiona ya tatu, kwenye kona, haijawashwa. Kioo chake kilikuwa cheusi cha kung'aa, kirefu kwenda ndani, na shingoni, pale kioo kinaposhikana na mguu wake, palikuwa pamefungwa jani la isale.

"Na ile?"

"Ile rangi zake tamu, sibishi. Ila inang'aa mno, ukikaa mbele unajitazama mwenyewe. Kuna mama wa Holili aliileta, akaiacha, hajarudi." Ezra akakuna kichwa. "Dada Kindness naye alikuja jana. Alisimama hapo akaitazama weee, kisha akaondoka bila kuaga."

Hapo ndipo Salvina alipokosea, na kosa lenyewe lisingefanywa na Ezra, ambaye kwake jani ni jani. Mtu aliyezaliwa migombani huko juu anajua isale ni nini. Ndilo linalopandwa mpakani kutenga kihamba na kihamba, shamba la ukoo na la jirani. Ukilikuta limefungwa kwenye mti, mti una mwenyewe. Ukilikuta kwenye majani ya ng'ombe, tafuta majani kwingine. Salvina alilitazama lile fundo akaona mkono wa Kindness. Kwamba yule mwanamke, baada ya kumchukua mume wake akamweka kwenye picha vile, amekuja mpaka dukani kwa watu kuwekea isale monita ambayo hajainunua! Damu ikampanda. Hakuuliza jani limetoka wapi. Aliinama, akalifungua kwa kucha na meno, akalitupa chini ya meza.

Jani lilikuwa bado bichi, na lilikuwa na utelezi wa siagi. Mara ile dukani pakanukia marashi, marashi mazito ya kiume, ya mtu aliyetoka kuoga akaja kusimama nyuma yako. Ezra akapiga chafya.

"Nifungie hii," Salvina akasema.

"Dada, ile nyingine ndiyo ya kazi yako."

"Nimesema hii, Ezra."

Na kweli, kwa muda, hakujuta. Harusi ya kwanza aliyoihariri kwenye kioo kile ilitoka vizuri mpaka mama wa bibi harusi akalia. Kazi zikaanza kumfuata. Akawa anajifungia kwenye chumba cha ndani, chenye mapazia meusi, maana rangi haziamuliwi kwenye mwanga wa dirisha. Chumba cha picha kina giza lake hata saa sita mchana. Humo yale marashi yalikuwepo kila siku. Wakati mwingine alisikia kipanya kikibonyezwa na mkono wake uko mapajani. Alijiambia ni waya.

Kindness alivuka barabara kuja kumpongeza. Alisimama kwenye mlango wa chumba cha ndani, hakuingia.

"Mwenzangu, hongera. Nimeona ile harusi, umeua," akasema. Kisha akashusha sauti. "Lakini kioo hicho... Mimi kilinitisha pale kwa Ezra. Nilijiona humo, halafu nikaona kama kuna mtu amesimama nyuma yangu. Nikageuka, hakuna mtu. Nilirudi baadaye nikachukua kile kisichong'aa nikaweka cha akiba. Wewe hujaona kitu?"

"Nimeona kazi," Salvina akajibu. "Labda wewe ndiye unaona watu."

Kindness akamtazama, akarudi kwake. Salvina akafurahi. Kumbe si Kindness aliyelifunga isale. Lilimpita akilini jambo hilo, likapita lilivyokuja, maana wivu ukishashiba maelezo yake hautaki mengine.

Mchana huohuo aliifungua picha ya Jesse, ile iliyopigwa na Kindness. Alikuwa ameahirisha kuiweka kwenye kioo kipya, naye alijua kwa nini. Ikajaa mbele yake. Aliona kila tone la umande. Aliona kope. Aliona ule ulegevu wa macho, na kwa kuwa kioo kilikuwa kizuri kuliko vyote alivyowahi kufanyia kazi, aliuona vizuri zaidi kuliko alivyotaka. Yule mwanamke alikuwa amesimama mbele ya macho hayo, yamemtazama yeye. Salvina akamfikiria Kindness na kamera yake na mikono yake mirefu, akasema kwa sauti, kwa chuki:

"Mtoe machoni pangu. Simtaki. Sitaki kumwona tena."

Alimaanisha Kindness. Lakini aliyekuwa mbele yake kwenye kioo alikuwa Jesse, na "mtoe" ni neno moja tu, kwa mwanamume na kwa mwanamke. Anayesikiliza ndiye anayechagua.

Nyuma ya sikio lake pumzi ya uvuguvugu ikasema, "Nimesikia, mpenzi."

Aliruka mpaka kiti kikaanguka. Chumbani hakukuwa na mtu. Pazia lilikuwa limetulia, na kwenye kioo Jesse alikuwa anacheka nusu mdomo.

Kesho yake asubuhi, wakinywa chai, Salvina aliona sikio la kushoto la mume wake halipo. Halikuwa limekatwa, wala hapakuwa na damu. Pale mahali palikuwa pamefifia tu, kama picha ambayo kamera imelenga mti wa nyuma.

"Umefanya nini sikio?"

Jesse akalishika. "Lina nini?"

Salvina akafikicha macho. Jioni ile lilikuwa limefuatwa na shavu. Alikwenda hospitali ya macho, akasomeshwa herufi kubwa na ndogo, akamulikwa tochi, na daktari akamwambia macho yake ni mazima kuliko ya watu wengi. Akatoka nje, akaziona nyufa za theluji kwenye kilele cha Kibo kwa jinsi anga lilivyokuwa safi, akaona mpaka mistari ya mkononi mwake. Alipogeuka kumtazama mume wake aliyekuja kumchukua na pikipiki, aliona kofia ngumu, koti, na kati ya kofia na koti nusu uso, nusu ukungu unaoongea.

"Wamesemaje?" ukungu ukauliza, kwa sauti ya upendo.

Salvina alishindwa kumwambia. Angeanzaje?

Alirudi kwenye picha, kama mtu anayekwenda kuhakiki deni kwa mwenye duka. Akafungua za harusi yao. Amesimama peke yake mbele ya madhabahu, mkono wake umeshikwa na hewa. Akafungua za uchumba, za Krismasi, za siku walipokwenda kuoga chemchemini. Jesse hayumo. Alimwita Jesse mwenyewe aje kuangalia, naye akasema, "Si mimi huyu hapa? Salvina, unanitisha." Kidole chake, ambacho Salvina bado alikuwa anakiona, kilikuwa kinagusa pahala patupu.

Hapo akazima monita kwa hasira, kioo kikawa cheusi, na akajiona humo, na nyuma yake akamwona Jesse amesimama, na mbali zaidi, palipokuwa na ukuta, akamwona mwanamume mwingine, mrefu, amevaa shati jeupe lisilo na mkunjo, hana uso ila sikio moja la kushoto na shavu moja, na sikio lile lilikuwa na alama ndogo ya chunusi ya utotoni ambayo Salvina aliijua kwa kuibusu, na yule mtu alikuwa amejielekeza kwake yeye peke yake, hamtazami Jesse, hatazami mlango, anamsubiri.

Tangu siku ile kila kilichopotea kwa Jesse alikikuta kwenye kioo. Ukipotea mdomo, yule wa kiooni anapata mdomo. Likipotea paji la uso, linahamia kule. Na hapa tuseme ukweli ambao Salvina alichelewa kuusema kwa mtu yeyote: hakukaa mbali na kioo. Alikuwa anaingia chumba cha ndani, anavuta pazia, anakaa mbele ya monita iliyozimwa. Maana yule aliyekuwa anakamilika mle ndani hakuwa na simu, hakuwa na wageni wa kike kutoka Ulaya wa kuwashika mkono kwenye mawe, na hakuwahi kumchekea mtu mwingine. Alimtazama yeye. Kwa mtu mwenye wivu hiyo ni pombe kali, na Salvina alikuwa anaogopa na anakunywa.

"Huyo wa nje anatazama watu wengi," sauti ilimwambia mchana mmoja, taratibu, marashi yakimfunika mpaka kifuani. "Mimi nimekuchagua wewe tu. Nimalizie macho yake. Yamebaki macho tu."

Na ilikuwa kweli. Jesse alikuwa amebaki macho mawili yanayoelea juu ya kola ya shati. Alipoyaona jioni ile yamejaa machozi, kwa sababu mke wake alikuwa amepitisha siku kadhaa bila kumtazama usoni naye hajui amekosa nini, Salvina alianguka magotini jikoni akamwambia yote.

Jesse hakubishana. Alimpandisha kwenye pikipiki, wakaenda kijijini Kidia kwa mama yake.

Mama Eunike alikuwa zizini anakamua. Alikuwa mama wa kanisa, mwimbaji wa kwaya ya akina mama, na ya zamani aliyajua vilevile ingawa hakuyatangaza. Alimpenda mkwe wake kwa kumsema.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekonda. Huko mjini mnakula picha?" Kisha akaona uso wa Salvina, akaweka ndoo chini. "Kaa hapo. Sema."

Salvina akasema. Alipofika kwenye isale, mama mkwe alimshika mkono.

"Lilikuwa limefungwaje?"

"Mafundo mawili, mama. Lina siagi."

"Mae! Ruwa wangu, Mungu wangu!" Mama Eunike akakaa juu ya kigoda. "We mtoto, hukufundishwa kwenu? La kusema hiki changu halipakwi siagi. Isale la siagi ni la kuomba radhi. Huyo mama wa Holili hakuwa anadai kitu. Alikuwa anakiambia hicho kilichomo: samahani, tulia, usinifuate. Kikatulia. Wewe ukaja kulitoa kwa meno."

"Nilidhani Kindness ndiye..."

"Ndiyo. Ulidhani." Kisha mama mkwe akanong'ona, akitazama upande ambako Salvina aliona macho mawili tu yanayong'aa gizani mwa zizi. "Hicho kinakula wivu. Kikikosa cha kula kitaondoka. Utachukua isale kwenye mpaka wetu, utampelekea huyo binti uliyemwombea mabaya, utamwambia yote kwa mdomo wako. Na ufanye haraka, kabla hakijachukua hayo macho."

Ilikuwa aende siku ileile. Hilo lingetosha. Lakini Salvina alipofika mjini na jani mkononi, alimwona Kindness mlangoni kwake anacheka na mteja, amependeza. Kumpigia magoti yule! Mbele ya barabara nzima! Akasema ataenda kesho. Akaingia studio, na kwa kuwa alikuwa ameshaingia, akaenda chumba cha ndani, na kwa kuwa alikuwa ameshafika, akakaa. Yule wa kiooni alimtazama kwa huruma isiyokuwa na mwisho. Alikuwa na kila kitu cha Jesse isipokuwa macho, na badala yake palikuwa na vishimo viwili laini, vimemwelekea.

Asubuhi Jesse alisema, "Umeamkaje?" na Salvina akaona shati limeketi kitandani.

Alipiga yowe akatoka mbio mpaka barabara ya studio. Alivuka barabara na khanga moja, isale mkononi, akampita mteja, akapiga magoti kwenye vumbi la mlango wa Kindness na kulinyanyua lile jani kwa mikono miwili. Watu wakasimama. Huko kwetu mtu akikuletea isale huwezi kumgeuzia mgongo, hata kama amekuchomea nyumba. Kindness akalipokea, akamwingiza ndani, akafunga mlango.

Salvina alimwambia bila kuchagua maneno. Alimwambia juu ya donge, juu ya picha, juu ya alichosema mbele ya kioo na kwamba alimsemea yeye.

Kindness alikuwa analia kabla hajamaliza. "Kwa hiyo ni kwa sababu ya ile picha?"

"Alikuwa anakutazama."

"Salvina, Jesse hajui kupiga picha. Alikakamaa pale kama kigingi. Nikamwambia, mfikirie mke wako, mfikirie anakungoja hapo chini. Ndiyo akacheka vile. Nilibonyeza mara moja tu." Akafuta macho kwa kiganja. "Nilitaka nikuambie. Nikaona utanuna."

Lile jipu la Salvina lilikuwa limepasuka, na chini yake hakukuwa na kitu, ila miaka ya urafiki aliyoichezea.

Mama Eunike, aliyepigiwa simu na Jesse, alikuwa ameshashuka mjini, na Jesse alikuwa nje ya studio ya Salvina. Wanawake watatu wakaingia chumba cha ndani. Marashi yalikuwa makali mpaka yanachoma macho, na taa ilipowashwa haikuongeza mwanga. Mama mkwe alifunga isale lilelile, ambalo Kindness alikuwa amemkabidhi, kwenye shingo ya monita, akaongea na kile kilichomo kwa Kichagga kwa upole, neno kwa neno, kama anavyoongea na ng'ombe mkali. Kisha akawashika mikono wakasali Baba Yetu, Salvina wa Kibosho, Mkatoliki, akikosea pale Walutheri wanapoongeza maneno mwishoni. Na yule wa kiooni, ambaye sasa alikuwa na uso mzima wa Jesse, umande shavuni, kope, macho yamelegea, kicheko kimeishia nusu ya mdomo, alimtazama Salvina mara ya mwisho akitafuta ndani yake ule wivu aliouzoea, akautafuta, akaukosa, na akageuka, akatembea kwenda ndani ya ule weusi, mgongo wake ukipungua na kupungua mahali ambapo hapakuwa na umbali wowote wa kutembea, na alipokuwa mdogo kuliko kidole bado alikuwa amebeba ule uso. Kioo kikapasuka juu mpaka chini. Marashi yakakatika.

"Kimeondoka," Mama Eunike akasema, akahema.

Kindness akacheka kwa woga na furaha. Salvina alikuwa ameshakimbilia mlango wa mbele.

"Jesse!"

"Nipo hapa. Imekwisha?"

Sauti ilikuwa hapo karibu, hatua moja. Salvina aliona barabara, aliona mama wa ndizi, aliona pikipiki ya mume wake imeegemea mti; sasa hata lile shati hakuliona. Alinyoosha mkono mbele na mkono ukagusa kifua chenye joto, kinachopumua, ambacho hakikuwepo.

"Mbona hunitazami?" Jesse akauliza.

Mama mkwe alikuja nyuma yake taratibu. Alielewa mapema kuliko wote. "Kimeondoka na ulichokipa, mwanangu," akasema. "Hicho hakirudishwi kwa isale."

Wanaishi hivyo. Jesse bado anapandisha wageni, watu wote wanamwona, wanamsalimia, wanamtania. Salvina amejifunza kumjua kwa mlio wa buti na kwa kikohozi chake cha asubuhi. Amekinunua kwa Kindness kile kioo kisichong'aa, na kazi yake inakwenda. Ile monita iliyopasuka aliizika Mama Eunike mwenyewe, mahali ambapo hakumwonyesha mtu.

Mwezi huu walitimiza mwaka mwingine wa ndoa, na Jesse akataka picha. Salvina hakuweza kuipiga, maana mtu hawezi kulenga asichokiona. Ikabidi waende ng'ambo ya barabara. Kindness akampa kigoda, akarekebisha taa, akarudi nyuma ya kamera. Mkono wa Jesse ukatua begani kwa Salvina, mzito, wa kawaida. Salvina alisikia pumzi ya mume wake juu ya kichwa chake, akasikia Kindness akisogeza mguu. Aliukaza moyo wake kwa muda, kisha akashindwa.

"Kindness," akasema polepole. "Anatazama wapi?"

Kindness akainua uso kutoka kwenye kamera.

"Anakutazama wewe," akasema.

Salvina akageuza uso kuelekea mkono ulipotokea, akatabasamu, akangoja picha ipigwe.